Namna ya Kupitisha Mtumbwi Kando ya Bwawa

Nasaha kwa wasafiri wa mito ya Uluguru na jirani zake

Wasomaji wengi, hasa vijana wa Morogoro na wageni wapandao kutoka Dar es Salaam wakiwa na kayaki juu ya paa la gari, hawaachi kuniuliza swali moja kwa sura mbalimbali: tunapoteremka na mto, na mbele yetu pamejengwa bwawa, tufanyeje hata chombo, mizigo na nafsi zetu vifike upande wa pili salama usalimini? Mmoja huuliza habari za Mindu, mwingine za Ruvu, na wa tatu amekwisha kuitazama ramani akauona Mto Ruaha Mkuu ukikatizwa pale Kidatu, naye anataka kujua kama pana njia. Kwa kuwa jawabu langu kwa kila mmoja wao aghalabu limekuwa lile lile, nimeona yafaa niliandike kwa urefu, kila mwenye haja achukue limfaalo.

Jawabu lenyewe kwa mukhtasari ni hili: safari ya mto wenye bwawa hupangwa kinyumenyume. Kwanza huchaguliwa mahali pa kutokea majini juu ya ukuta. Pili, mahali pa kushulia chombo chini ya ukuta. Tatu, njia ya nchi kavu iunganishayo mahali hapo pawili. Na mwisho kabisa ndipo huchaguliwa mahali pa kuanzia safari. Anayeanza na mahali pa kuingilia majini, akitumaini kwamba la bwawa litajulikana huko huko mbele, amekwisha kuliachia maji shauri ambalo lilikuwa lake mwenyewe.

Fahamu kwanza ni ukuta wa namna gani

Watu husema "bwawa" kana kwamba mabwawa yote ni mamoja, ilhali kila namna ina hatari zake na adabu zake. Katika mkoa wetu wa Morogoro na jirani zake utakutana na namna nne:

- Bwawa la maji ya mji. Mfano wake ni Mindu, lililojengwa katika Mto Ngerengere karibu na barabara kuu ya kwenda Iringa, likakamilika miaka ya 1980, nalo ndilo tegemeo kubwa la maji ya Manispaa ya Morogoro. Hapa maji ya juu ni mapana na matulivu, na kinachotakiwa kuogopwa ni utoro wa maji, yaani mahali pa kumwagikia maji yaliyozidi, na mahali mabomba yanapovutia maji.
- Banio. Ni ukuta mfupi wa kuinulia maji yaingie katika mfereji wa mashamba, kama yaliyoko katika skimu za umwagiliaji, mathalan ile ya Kiroka upande wa mashariki wa Uluguru. Ni fupi kwa kimo, na kwa sababu hiyo watu hulidharau.
- Bwawa la kufua umeme. Kidatu, lililoanza kazi mwaka 1975, na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ndiyo makubwa. Maji ya hapa huongezwa na kupunguzwa kwa mahitaji ya umeme, na msafiri aliye chini hana habari.
- Bwawa linalojengwa. Huko Kidunda, katika Mto Ruvu chini ya makutano yake na Mgeta, mkataba wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2022. Penye ujenzi, mto uliouona mwaka jana si lazima uwe mto utakaoukuta mwaka huu, maana maji huweza kuchepushwa na njia za ukingoni kufungwa.

Usipoweza kusema bwawa lililo mbele yako ni la namna gani kati ya hizi, hujawa tayari kuondoka nyumbani.

Pakague kwa miguu kabla ya kushua chombo

Ramani ya simu itakuonyesha ukuta, lakini haitakuonyesha matete, tope la magotini, seng'enge, wala shamba la mpunga lililolimwa mpaka ukingoni. Kwa hiyo nenda wewe mwenyewe siku moja kabla, au umtume mtu mwenye macho ya kutazama, akague kwa utaratibu huu:

1. Asimame mahali panapokusudiwa kutokea, autazame mto kwa macho ya mtu aliye ndani ya chombo: je, patatambulika kutoka majini? Ikiwa hapatambuliki, afunge kitambaa cha rangi kali juu ya mti, kitakachoondolewa safari ikiisha.
2. Aangalie upande wa utoro wa maji uko ukingo gani, nanyi mtokee ukingo ulio mbali nao.
3. Atembee njia yote mpaka chini ya ukuta huku akihesabu hatua, akitazama pembe za ghafula ambazo chombo kirefu hakiwezi kukata, na miteremko inayoteleza.
4. Achague mahali pa kushulia chombo palipo chini kabisa ya povu na misukosuko, si pale penye ngazi nzuri iliyo karibu na ukuta.
5. Aulize wenyeji, hasa wavuvi na wachungaji, maji hupanda wakati gani na kwa dalili gani. Kuuliza si ujinga, na mvuvi wa Mindu ajua mambo ya Mindu ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Fauka ya hayo, atazame kama mto wa chini ya ukuta unayo maji ya kutosha kuchukua chombo. Jambo hili husahauliwa sana. Wakati wa kiangazi Ngerengere, baada ya kuzuiliwa Mindu, huwa mto mwembamba, nao unapozunguka mji huchukua taka za mji. Msafiri wa Agosti au Septemba atajitaabisha kubeba kayaki kupita tuta lote, kisha akute mahali pa kuiburura juu ya mawe. Kwa msimu huo nasaha yangu ni kwamba safari iishie Mindu, na chombo kipakiwe garini.

Idhini na adabu

Bwawa ni mali ya umma na lina walinzi. Msilione hilo kuwa ni uadui. Mlinzi amwonapo mtu asiyemjua akitoka majini na mzigo mkubwa mgongoni karibu na mitambo, ana haki ya kushuku.

- Kwa Mindu, andikeni barua kwa Mamlaka ya Maji, MORUWASA. Kwa Kidatu, kwa TANESCO. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi Morogoro, itakuelezeni habari za mto kwa jumla.
- Barua itaje tarehe, idadi ya watu, idadi ya vyombo, na ukingo mtakaopita. Nakala yenye muhuri ifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji, akae nayo kiongozi.
- Mfikapo kijijini au mtaani, mpigieni hodi mwenyekiti au mtendaji kabla ya kupita katika mashamba ya watu. Maneno machache ya heshima, "Shikamoo mzee, tunaomba njia," huokoa saa nzima ya maelezo.
- Msipige picha ukuta, milango ya maji wala mitambo bila ruhusa ya wazi, wala msirushe ndege ndogo ya kamera.
- Msikate miti ya ukingoni ili kupata magogo ya kuviringishia chombo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikinga mita 60 za kandokando ya mito na mabwawa dhidi ya shughuli za kudumu na zile zinazodhuru hifadhi yake, na ukingo uliokatwa miti ndio unaoporomokea bwawani na kulijaza tope.

Mkaribiapo ukuta

Sasa mko majini, na bwawa li mbele. Fuateni amri hizi bila ya kujadiliana, maana wakati wa kujadiliana ulikuwa jana:

1. Vyombo vyote vikaribiane, na chombo cha mbele kiwe cha mtu aliyepakagua mahali pa kutokea. Asiwepo wa kumpita.
2. Ambaeni ukingo mliouchagua mapema, tangu kona ya mwisho kabla ya ukuta. Katikati ya mto ndipo mkondo ulipo na nguvu, na ndipo toba huchelewa.
3. Kila mmoja awe amevaa jaketi la kuokolea maisha na kulifunga. Kulikalia si kulivaa.
4. Tokeni mita 200 au zaidi juu ya ukuta. Ikiwa pametandazwa mstari wa maboya juu ya maji, huo ndio mpaka, hata kama ng'ambo yake maji yaonekana kama kioo.
5. Atangulie mmoja kushuka, ashike omo ya chombo cha pili, kisha kila atokaye amshikie anayefuata.

Wapo watakaosema kwamba mita 200 ni hofu ya bure. Basi wafanye hesabu: mkondo wa mita moja na nusu kwa sekunde, ambao kwa Ruvu ya masika si wa ajabu, hukuchukua mita 90 kwa dakika moja. Aliyebakiza mita 200 ana dakika mbili na kidogo kugundua, kuamua, kugeuza chombo na kuufikia ukingo, na hizo ni dakika za mtu asiyevunjikiwa kafi wala kukwama katika tawi.

Katika maji mapana ya bwawa lenyewe adui ni upepo wa alasiri. Vukeni asubuhi, mkiambaa pwani ya bwawa badala ya kukata katikati. Wala msisimame kwa muda mrefu katika maji yaliyotuama penye majani, maana konokono wa kichocho hukaa humo. Shukeni, vuteni chombo, jikausheni. Aliyekaa majini sana, asingoje kukojoa damu ndipo aende kupimwa hospitali.

Kubeba: mizigo kwanza, chombo baadaye

Kanuni hii hupingwa na kila mtu mwenye haraka. Sababu yake ni nyepesi: safari ya kwanza ya kubeba mifuko midogo hukufundisha njia. Utayaona mawe yanayoteleza, siafu waliokatiza njia na tawi lililo usawa wa macho, na haya yote ni afadhali uyagundue ukiwa na mfuko wa unga kuliko ukiwa na kayaki begani. Mtu mmoja abaki na vyombo na mwingine abaki na mizigo iliyofika, ili pasiwe na kitu kisicho na mwenyewe.

*Kayaki za plastiki na kanu za faiba*

- Kayaki ya mtu mmoja aghalabu huwa na uzito wa kilo 20 hadi 30. Mtu mzima huweza kuibeba peke yake kwa kuingiza bega ndani ya tundu la kukalia, lakini penye mteremko wabebe wawili, mmoja omo, mmoja tezi.
- Mwageni maji yote yaliyomo kabla ya kuinua. Lita moja ni kilo moja, na ndoo moja ya maji iliyosahaulika chini ya kiti ni kilo 20 mlizojitwika bila ujira.
- Chukueni ngata. Akina mama wa Kiluguru wateremkao na mikungu ya ndizi kutoka Kinole na Matombo wamekwisha kuimaliza elimu hii: kanga kuukuu, au majani makavu ya mgomba, husokotwa kwa kukaza mpaka yawe duara lenye shimo katikati, ncha ya mwisho ikapenyezwa ndani lisifunguke. Ngata ya namna hiyo ikiwekwa begani huuzuia ukingo wa kayaki usikate nyama.
- Badilishaneni mabega kila hatua 100, kabla ya kuchoka na si baada yake.
- Makafi yasibebwe ndani ya chombo kisicho na kamba. Hutoka kwa nyuma, nanyi hamtajua mpaka mfike.

*Mtumbwi wa mti*

Hapa mambo ni mengine, kwani mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja huweza kupita kilo mia, hata mia mbili, na hakuna bega la kuubeba. Huu hukokotwa, kwa kawaida ya wavuvi wa pwani wanapopandisha ngalawa ufukoni:

1. Tayarisheni vigogo vitano au sita vya kuviringishia. Kwa kuwa tumekwisha kukatazana kukata miti, vipande vya bomba gumu la plastiki vyenye upana wa inchi nne vyatosha, navyo ni vyepesi kusafiri navyo.
2. Fungeni kamba nene omo kwa wavutaji, na kamba ya pili tezi.
3. Wawili wasukume, wengine wavute, na mmoja kazi yake iwe kukiokota kigogo kilichoachwa nyuma na kukirudisha mbele. Huyu asiwe mtoto, na vidole vyake visiingie chini ya mtumbwi.
4. Penye mteremko, kamba ya tezi izungushwe mara moja katika shina la mti mnene, ishikwe na mtu aliyesimama imara, iachiliwe kidogo kidogo. Asisimame mtu yeyote upande wa chini.
5. Asijifunge mtu kamba kiunoni wala kiganjani, hata kwa dakika moja.

Viatu viwe vyenye mkanda wa nyuma. Katambuga au raba zafaa, lakini kandambili hubaki katika tope la kwanza.

Pima kabla ya kusafiri

Mpelelezi Henry Morton Stanley alipoleta mashua yake Lady Alice mwaka 1874, mashua ya futi 40 iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande ili ichukuliwe na wapagazi, vipande hivyo vilipofika Unguja vilionekana kuwa vipana na vizito mno kwa njia za bara, ikalazimu vipunguzwe na kugawanywa upya kabla msafara haujaondoka Bagamoyo. Baada ya hapo wapagazi waliifikisha mashua mpaka Ziwa Viktoria, ikazunguka ziwa mwaka 1875, ikaenda hata Mto Kongo, na huko, baada ya kukokotwa kandokando ya maporomoko, iliachwa Isangila mwaka 1877 kwa kuwa waliobaki hawakuwa tena na nguvu za kuichukua.

Mafundisho ni mawili. La kwanza, mzigo upimwe na kubebwa nyumbani, kwa mwendo ule ule wa njia, kabla haujapelekwa mtoni. Ikiwa hamwezi kuzunguka nao uwanja wa mpira mara mbili, hamtauweza kando ya ukuta. La pili, chombo huweza kuachwa, lakini mtu haachwi.

Mkokoteni, bodaboda au gari?

"Mbona tutaabike, ilhali lipo gari?" Swali ni zuri, na wala si aibu kwa msafiri wa mto kupanda gari. Njia ikizidi kilomita moja, au ikiwa ni mlima mkali, gari ni bora kuliko ushujaa. Zingatieni haya tu:

- Bei ipatanwe siku moja kabla, pamoja na gharama ya kungoja.
- Chombo kisitokeze nje ya kitanda cha gari bila kitambaa chekundu nyuma, na kifungwe mbele na nyuma, si katikati tu.
- Bodaboda haichukui kayaki. Watu wamejaribu, na upepo mmoja wa lori barabara kuu umewatosha.
- Kigari chenye magurudumu mawili ya baiskeli, kilichochomelewa na fundi wa mjini, hufaa sana juu ya barabara ya udongo, lakini katika tope huwa mzigo wa ziada.

Kurudi majini chini ya ukuta

Wengi hudhani hatari imekwisha wakiupa ukuta kisogo, kumbe nusu ya pili ndiyo inayodanganya, maana maji ya chini huweza kupanda hali mbingu ni nyeupe na jua linawaka. Fanyeni hivi:

- Chomekeni kijiti ukingoni kabisa maji yanapoishia, kisha mngoje robo saa mkila na kupumzika. Kijiti kikizama, ondokeni ukingoni, mpande juu.
- Mkisikia king'ora, acheni kila kitu mpande. Chombo kitapatikana au kitanunuliwa kingine.
- Msipike wala kulala juu ya kisiwa cha mchanga kilicho chini ya bwawa, hata kikipendeza namna gani.
- Msikaribie povu la utoro ili "kuonja." Maji yale hurudi nyuma kuelekea ukutani, nayo humrudisha aliyemo.
- Kagueni vyombo na watu kwa hesabu kabla ya kushua. Mkoba wa dawa na chupa ya maji ndivyo vitu vinavyosahauliwa juu ya ukuta.

Na kwa wasafiri wa Ruvu kuna hadhari ya pekee. Mji wa Morogoro umekaa upande wa Uluguru usio na mvua nyingi, lakini mto wenyewe hupata maji yake miteremko ya mashariki, ambako mvua hunyesha hata katika miezi ambayo mjini mavumbi yanatimka. Kwa hiyo, mtazamo wa anga la mjini si dalili ya mto. Ulizeni kwa simu hali ya Matombo na Kibungo, na mkisikia kwamba kumenyesha usiku, ahirisheni siku moja.

Banio dogo lisikudanganye

Nalitaja peke yake kwa sababu ndilo lenye kuleta ubishi mkubwa. Mtu akiona ukuta wa kimo cha goti au kiuno, maji yakiteremka laini kama shuka iliyopigwa pasi, husema: hapa twapita kwa kasi tukaruka. Lakini chini ya ukuta huo maji hujikunja yakarudi, na kizingia hicho chaenea toka ukingo hadi ukingo bila mwanya wa kutokea. Chombo hulala ubavu, mtu huzungushwa, na jaketi lake humweka pale pale.

Dalili za banio ukiwa majini ni hizi: mstari ulionyooka kukatiza mto, ambapo ng'ambo yake huoni maji bali vichwa vya miti; sauti ya ngurumo pasipo maporomoko ya kuonekana; na mfereji unaoanza ubavuni. Ukiona moja tu kati ya hizo, tokea ukingo usio na mfereji. Kubeba chombo kupita banio ni kazi ya dakika kumi, wala haistahili kubishaniwa.

Mwenzenu akinaswa, msimfuate ndani. Mtupieni kamba mkiwa ukingoni, mkiwa mmesimama imara, na kamba isifungwe mwilini mwa mtu.

Kidatu na Rufiji: pasipo njia ya mabega

Hapa nasaha yangu hubadilika. Kidatu maji hayaangukii chini ya ukuta tu. Huingizwa katika handaki la karibu kilomita 10 ndani ya mlima, yakaendesha mitambo iliyo chini ya ardhi yenye uwezo wa megawati 204, kisha yakarudishwa mtoni huko mbele. Maana yake kwa msafiri ni kwamba anayezunguka ukuta peke yake atakuta chini yake korongo la mawe lenye maji kidogo, lenye mteremko mkali, ambalo utoro ukifunguliwa hugeuka ghafula. Usihesabu ukuta, hesabu umbali wote mpaka pale maji ya mitambo yanaporudi, nawe uuvuke kwa gari, kwa idhini, ukaanze tena katika mto ulio chini, upande wa mashamba ya miwa. Hata huko, tazamia maji kupanda na kushuka, hasa wakati wa magharibi umeme unapohitajika zaidi.

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, nalo lina ukuta wa mita 131 na mitambo ya megawati 2,115 ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Walioteremka Kilombero zamani wakaingia Rufiji na kulipita kwa mitumbwi korongo ambamo sasa umejengwa ukuta waliijua nchi ambayo sasa iko chini ya maji. Pale sasa pana ziwa lenye mawimbi, viboko na mamba, na hapana njia ya mtu binafsi kuukwepa ukuta. Malizeni safari juu, kwa ruhusa ya TANAPA na pamoja na askari wa hifadhi, na anayetaka Rufiji ya chini aianze upya kwa safari nyingine.

Makosa yaliyozoeleka

- Kuchagua mahali pa kutokea kwa kuwa pana kivuli.
- Kumwacha mwenye nguvu atangulie peke yake, akabaki dhaifu na chombo kizito.
- Kuvua jaketi mara tu miguu inapogusa ardhi, ilhali ukingo ni wa saruji yenye ukoko wa mwani.
- Kuanza kubeba saa kumi na moja jioni, giza likawakuta katikati ya njia.
- Kudhani kwamba ruhusa ya mwaka jana yatosha mwaka huu.
- Kuwaagiza watoto wa kijijini wabebe mizigo mizito. Waajiriwe watu wazima, walipwe kwa haki.

Wenye shaka huuliza

*Je, hatuwezi kupita juu ya tuta lenyewe, maana ndiyo njia fupi?* Kwa idhini ya wenye bwawa, huenda mkaruhusiwa. Bila idhini, hapana. Na hata mkiruhusiwa, msikokote mtumbwi juu ya tuta la udongo, mkachimbua nyasi zinazolishika.

*Mimi ni mwogeleaji hodari, yanihusu?* Yakuhusu zaidi, kwa kuwa hodari ndiye hukaribia ukuta. Kuogelea ni elimu ya maji yanayokwenda mbele, na chini ya ukuta maji hurudi nyuma.

*Tukiwa wawili tu?* Wawili huweza kubeba kayaki mbili kwa safari mbili, lakini hawawezi kulinda mizigo na kuokoana kwa wakati mmoja. Watu wanne ndio wa kiasi.

Vitu vya kuwa navyo

- Ngata mbili kwa kila chombo, na glavu za kazi.
- Kamba ya kuokolea ya mita 20 inayoelea, na kamba nene mbili za kukokotea.
- Kikopo cha kukumbia maji na sifongo.
- Filimbi moja kwa kila mtu: mlio mmoja simama, milio mitatu hatari.
- Tochi, dawa za vidonda, maji ya kunywa ya siku nzima.
- Barua ya idhini, na namba za simu za mwenyekiti na mlinzi wa zamu.

Kabla ya kufunga mzigo wowote, kaeni wote pamoja, kila mmoja aeleze kwa maneno yake mahali pa kutokea pako wapi, ukingo gani, na atafanya nini akipapita. Akiwapo mmoja asiyeweza kueleza, mpelekeni kwa miguu akaone, hata kama kwa ajili hiyo safari italala siku moja zaidi.